Risiti ya Elfu Mbili

Langoni wameniandikia risiti:
mtu mzima, mmoja, mkazi, elfu mbili.
Kijana wa dirishani kauliza, "Mama, umewahi kufika?"
Nikasema ndiyo, kabla hakujawa na lango.

Elfu mbili ilikuwa ndoo arobaini za kokoto.
Silalamiki.
Nalisema tu kwa kuwa karatasi ninayo mkononi
na ina mhuri.

Hapa, nje kidogo ya Mingoyo,
kulikuwa na nyundo kutwa,
na kila nyundo na kikohozi chake.
Mama yangu, Binti Nalinga,
alikalia gunia la korosho lililoshindiliwa majani makavu,
pajani kipande cha tairi,
khanga kavuta hadi puani.
Alikuwa haligongi jiwe, analiuliza.
Jiwe, alisema, lina mshono kama nguo;
ukiujua mshono, nguvu za nini?
Mimi sikuujua.
Kovu ni hili, kwenye kidole cha shahada.

Sasa nafuata mgongo wa Siwema Chitanda, mwongozaji,
buti zake za mpira zikizama topeni
na kuchomoka kwa shingo upande.
Anasema kwa sauti ya chini, kama tumeingia kwa mgonjwa:
yule mweupe ni yangeyange;
yule aliyetanda mabawa kama shati kambani, mnandi;
na yule wa rangi ya udongo, peke yake kwenye gogo,
kichwa mithili ya nyundo,
ni fundichuma.

Nikacheka, ndege wakaruka.
Siwema kageuka, uso umekunjamana.
Nikamwambia: samahani, mwanangu.
Sikujua kuwa mmoja wetu alibaki kazini.

Barabara ilipokwisha, mkandarasi alibeba mitambo,
akabeba na pampu, hata ile mbovu.
Masika ikaingia bila hodi.
Ikajaza shimo la kwanza, la pili,
ikakaa.
"Nani alipanda yungiyungi?" nikauliza.
Hakuna. Mbegu zilikuja na miguu ya bata.
Na matete? Upepo.
Na kambare?
Hapo Siwema kanyamaza kidogo,
kisha kasema kambare ana njia zake,
usiku wa mvua hutembea.

Kuna ndege mdogo mwenye vidole virefu mno,
anapita juu ya majani ya yungiyungi
kama mtu anayevuka sebule watu wamelala.
Jina lake nimeambiwa mara mbili, nimelisahau mara mbili.

"Shimo la tatu lina kina gani?"
"Mita saba, mama. Masika hufika nane."
Basi gunia liko mita saba.
Na tairi liko mita saba.
Na ile ndoo ya bluu iliyotoboka,
tuliyozozana nayo na mpimaji siku ya Idi
akidai haijajaa,
imejaa.

Watu wangependa niseme maji yamesamehe.
Maji hayakuwepo.
Yamekuta shimo yakaingia,
kama mpangaji asiyeuliza nani alilala humu.
Lakini ni mazuri. Lazima niseme hilo pia.
Saa tatu asubuhi yanashika mbingu nzima
na hayatoki jasho.

Tukiwa njiani kurudi nikaokota jiwe,
dogo, la kutosha kiganja.
Nikaligeuza, nikaligeuza tena,
dole gumba likitafuta lenyewe,
na mshono ule pale,
mwembamba kama nywele,
miaka thelathini na moja baadaye.

"Mama," kasema Siwema, kwa adabu zote,
"hairuhusiwi kutoa kitu hifadhini."

Sisi tuliotoa hapa malori na malori,
tukaitoa Mingoyo tumboni mwake
hadi ikafika lami ya watu wengine.

Nikasema, "Ni haki, mwanangu."
Nikalirudisha nilipolitoa,
upande wenye unyevu chini,
lisijue kama liliguswa.